Tambara la Nahodha

Kwenye hori ya Mtwapa, kaskazini kidogo mwa Mombasa, boti za matanga za wageni hutia nanga kwa miezi zikisubiri upepo ugeuke. Zipitie kwa mtumbwi asubuhi, jua halijapanda, na karibu katika zote utaona jambo moja: chini ya kila nguzo ya ukingoni, chini ya kila bolti ya sitaha, mchirizi wa kahawia umeteremka kwenye faiba nyeupe. Mwenye boti mpya akiuona mara ya kwanza hupandwa na hasira. Aliambiwa vyuma vyote ni stenlesi, akalipa bei ya stenlesi, na sasa ona. Humpigia simu aliyemuuzia, naye huapa kuwa vyuma ni halali. Mara nyingi muuzaji huyo husema kweli.

Stenlesi hushika kutu. Hushika polepole, kwa masharti yake na mahali pake, na mtu akishayajua masharti hayo, kazi ya kuisafisha huacha kuwa adhabu ya kila Jumamosi.

Kwa asili ni chuma cha kawaida kilichoyeyushwa pamoja na kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kromi iliyo juu ya uso hukutana na oksijeni ya hewa na kufanya utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Tando elfu ishirini zikilaliana ndipo zinafikia unene wa unywele mmoja. Utando huo hauonekani. Ule mng'ao unaouona ni wa chuma chenyewe kilicho chini yake. Ukiukwaruza kwa ncha ya bisibisi, hujitengeneza upya papo hapo, mradi oksijeni iwepo. Ukikosa oksijeni, au ukishambuliwa upesi kuliko unavyojitibu, chuma kilicho chini hubaki uchi, na chuma kilicho uchi baharini kila mtu anajua kinakoishia.

Mashairi ya sifa kuhusu uvumbuzi huu humwendea Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, mtoto wa mfanyakazi wa tanuri aliyeacha shule akiwa na miaka 12. Mwaka 1913 alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka. Ili kukichunguza kwa hadubini ilimbidi kwanza akipake asidi, umbile la ndani lijitokeze. Kile chenye kromi karibu asilimia 13 kikakataa kuliwa. Alikijaribu kwa siki na maji ya limau, kikashinda tena, akawaza visu vya mezani. Lakini chuma kilichofungwa kwenye boti ni cha ukoo mwingine. Kilitoka Essen, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Krupp, ambako Benno Strauss na Eduard Maurer walikuwa wameongeza nikeli, na hataza ikaombwa mwaka 1912. Nikeli ndiyo iliyokifanya kikubali kupindwa, kuvutwa kuwa waya na kuchomelewa bila kuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Bila nikeli tungekuwa na visu vizuri, na milingoti ingeendelea kushikiliwa na waya za kuchovya kwenye zinki.

Siku hizi wauza vyuma huvitaja kwa namba. 304 ina kromi asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8. Ni chuma cha masinki ya jikoni na matangi ya maziwa. 316 ina nikeli zaidi kidogo na, muhimu kuliko yote, molibdeni asilimia 2 hadi 3, ambayo huupa utando nguvu ya kuikabili chumvi. Kwenye boti usikubali pungufu ya 316, na kwa kitu kitakachochomelewa tafuta 316L, yenye kaboni kidogo. Kuna pia 201, yenye manganizi nyingi na nikeli kidogo, inayouzwa kwa wingi kwenye mabomba ya mapambo. Dukani zote tatu zinang'aa sawasawa. Sumaku ya mfukoni haitakusaidia kuzitofautisha, ijapokuwa kila fundi ana ya kwake na huitegemea mno: 304 na 316 zote hazivutwi, au huvutwa kidogo tu pale zilipopindwa. Kipimo cha kweli ni matone ya dawa yanayobadilika rangi yakigusa molibdeni. Muuzaji anayekataa usidondoshe tone moja kwenye mali yake ameshakujibu.

Turudi kwenye adui. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni kloridi. Wimbi lenyewe si tatizo kubwa. Likipiga nguzo na kukimbia, limeiosha. Tatizo ni tone linalobaki, likakaushwa na jua, likaacha unga mweupe. Mtu hudhani unga mkavu hauna madhara. Chumvi ya mezani huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, na chumvi ya bahari ina pia kloridi ya magnesi, ambayo hunyonya maji hewani hata unyevu ukiwa theluthi moja tu. Usiku wa pwani yetu hauwi mkavu kiasi hicho hata siku moja. Kwa hiyo kila jioni ule unga hugeuka kuwa maji makali ya chumvi, makali kuliko bahari yenyewe, yakakaa juu ya chuma hadi jua la saa tatu asubuhi liyakaushe. Kesho yake huongezeka mengine. Boti iliyolala bandarini salama, isiyorushiwa tone na wimbi lolote, huliwa namna hiyo na upepo mtupu.

Kloridi huanzia penye udhaifu: mkwaruzo, chembe ya uchafu, mshono uliochomelewa vibaya, mahali ambapo chuma kilitoka kiwandani na dosari ndogo. Utando ukitoboka hapo, tundu dogo huanza, na ndani ya tundu mambo hubadilika. Oksijeni haipenyi tena kwa urahisi. Chembe za chuma zinazoyeyuka huyageuza maji ya humo kuwa asidi. Asidi hiyo na chaji za umeme za chembe hizo huita kloridi nyingine kutoka nje, na kadiri zinavyoingia ndivyo asidi inavyozidi kuwa kali. Tundu hujilisha lenyewe. Kwa nje utaona doa la kahawia lisilozidi kichwa cha pini. Ndani, kama jino bovu, kumeshakuwa na pango. Ndiyo sababu mafundi wazuri hawatishwi na boti iliyotapakaa kahawia hafifu kila mahali kama wanavyotishwa na doa moja jeusi, lenye ukingo mkali, lisilotoka kwa kusugua.

Kahawia ile ya kutapakaa ndiyo Waaustralia wanaiita madoa ya chai, na wameichunguza sana kwa vile miji yao mingi imekaa ufukweni. Waligundua jambo ambalo mtu asiyelijua angelidhani kinyume: kutu huzidi mahali pasiponyeshewa mvua. Upande wa juu wa reli, unaolowa kila masika, hubaki safi. Upande wa chini, uliojikinga, hukusanya chumvi mwaka mzima. Mfano mkubwa zaidi wa mvua kufanya kazi ya tambara uko New York. Kilele cha jengo la Chrysler, kilichokamilika mwaka 1930, kimevikwa chuma cha ukoo ule ule wa Krupp, na katika miongo yake yote kimeoshwa na binadamu mara chache mno, ilhali bado kinameremeta. Nasi tuna miezi yetu ya neema. Kuanzia Machi hadi Mei boti za Mtwapa na Kilifi husafishwa bure. Ni wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, jua kali na mvua haba, ndipo nahodha anapolipa deni.

Kazi ya kwanza, basi, ni maji baridi. Nayo ndiyo kubwa. Nasema hivi nikijua wauza polishi hawatafurahi. Kwenye nanga maji ya kunywa hununuliwa kwa jerikeni na kusafirishwa kwa mtumbwi, na hakuna atakayeyamwaga sitahani ovyo. Lakini haihitajiki kumwaga. Ndoo moja na sponji vinatosha kupita nguzo, reli, winchi na vishikizo vyote vya boti ya mita 10, mradi sponji isuuzwe mara kwa mara na maji yasiachwe yageuke kuwa supu ya chumvi. Mabaharia wabahili hutumia umande. Alfajiri, kabla haujakauka, umande umeshailainisha chumvi yote. Tambara la pamba lililoloweshwa kidogo huiondoa kwa mpapaso mmoja. Ukingoja hadi saa nne, utakuwa unasugua fuwele kavu juu ya uso uliong'arishwa, na kila fuwele itaacha mkwaruzo wake.

Sabuni ya vyombo ni sawa, kisha suuza. Jiki ni marufuku. Ni klorini ile ile kwa jina la usafi, na nimeona sinki la boti lililotobolewa na jiki iliyomiminwa usiku na kuachwa hadi asubuhi. Dawa za kung'arisha vigae vya choo ni mbaya zaidi, maana nyingi zina asidi ya hidrokloriki. Na stilwaya, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zisiruhusiwe hata kupanda botini. Zinasafisha vizuri kwa siku hiyo. Ila kila msuguo huacha chembe za chuma cha kawaida zimejikita kwenye stenlesi, na baada ya wiki chuma kizima huota vipele vya kutu ambavyo si vyake. Brashi ya waya wa kawaida hufanya vivyo hivyo, na cheche za grenda pia. Jirani akikata chuma kwenye uwanja wa matengenezo upepo ukiwa unavuma kwako, funika boti au mwombe asubiri. Cheche zilizotua sitahani leo utazihesabu moja moja mwezi ujao.

Kahawia iliyokwisha kushika haitoki kwa sabuni. Inahitaji asidi ambayo hula kutu ya chuma na kuiacha kromi. Dawa nyingi za dukani zinazofanya kazi hii hutumia asidi ya oksaliki au ya fosforiki. Zote mbili zinafaa. Ya oksaliki ni sumu ikimezwa, hivyo vaa glavu na usiache kopo wazi penye watoto. Mimi napendelea asidi ya sitriki, ambayo ndiyo ukali wa ndimu, na ambayo huuzwa ikiwa unga mweupe kwa watengeneza juisi na waokaji. Kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM A967, kinachofuatwa na viwanda vikubwa, kinakubali mchanganyiko wa asilimia 4 hadi 10 ya sitriki, na kwa joto la kati ya nyuzi 21 na 49 kinadai dakika 20 tu. Nyuzi 21 hadi 49! Wenzetu wa kaskazini ya dunia inawabidi wapashe maji. Hapa ndoo iliyoachwa kivulini imeshatimiza masharti.

Yeyusha gramu 100 za unga katika lita moja ya maji baridi, lowesha vitambaa, vizungushe kwenye nguzo na uviache nusu saa bila kuviruhusu vikauke. Kwenye kona za mishono tumia mswaki wa zamani. Kisha suuza kwa wingi. Asidi isidondokee mlingoti wa alumini, wala mnyororo wa nanga uliochovywa kwenye zinki, kwa kuwa zinki itayeyuka ukiitazama. Faida ya sitriki haiishii kwenye doa: hunyakua chembe huru za chuma juu ya uso na kuacha kromi nyingi zaidi, hivyo utando unaorudi huwa imara kuliko ule wa mwanzo. Huo ndio ufundi mzima wa kukitia chuma utando, na ndio hatua ambayo wengi huiruka wakikimbilia kung'arisha.

Mtu wa pwani atauliza kuhusu ndimu yenyewe. Ndimu inafanya kazi. Maji yake yana sitriki ya asilimia tano au sita hivi. Tatizo ni kwamba sisi tumezoea kuitumia kwenye shaba, pamoja na ukwaju, na kwenye shaba desturi ni kuinyunyizia ndimu chumvi ili ing'ate. Tabia hiyo iache kwenye shaba. Ndimu yenye chumvi juu ya stenlesi ni asidi na kloridi kwa pamoja, yaani kile kile kinachopatikana ndani ya tundu la kutu, umekitengeneza kwa mikono yako na kukipaka nje.

Baada ya hapo ndipo kung'arisha, na kung'arisha kuna sababu isiyohusiana na urembo. Uso mbaya, wenye mistari ya msasa, una mabonde ya kuhifadhia chumvi. Uso laini hauna. Wachunguzi wa madoa ya chai wanapendekeza kwa sehemu za ufukweni wastani wa mikwaruzo usiozidi nusu ya maikromita, na jicho hukubali kwamba kitu kimefikia hapo linapoanza kuona taswira iliyo wazi ndani yake. Penye mikwaruzo mirefu anza na msasa namba 400, uende 600, 800, na kuendelea, kila mara ukifuta alama za uliotangulia. Kisha polishi ya krimu na kitambaa cha pamba. Sugua kufuata mstari wa chuma, siyo kwa miduara. Ukitumia mashine, ziwe na pedi zake ambazo hazijawahi kugusa chuma cha kawaida, na usizikandamize hadi chuma kibadilike rangi. Ile rangi ya njano au samawati inayotokea penye joto hupendeza, na vijana wa pikipiki huitafuta kwa makusudi kwenye mabomba ya moshi. Botini ni dalili kwamba oksidi imekuwa nene na kromi ya chini yake imepungua. Mahali hapo patakuwa pa kwanza kuota kutu. Kila mshono wa kuchomelea huwa na ukingo wa namna hiyo, na fundi asiyeuondoa kabla ya kukabidhi kazi amekukabidhi nusu ya kazi. Dawa ya viwandani ya kuuondoa ina asidi ya nitriki na ya hidrofloriki. Hiyo ya pili hupenya ngozi hadi mfupani bila maumivu makubwa ya mwanzo. Iachie karakana zenye vifaa, wewe tumia msasa, polishi na sitriki.

Malizia na nta. Ile ya kanauba, itokayo kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, ni ngumu na hustahimili jua. Hudumu wiki kadhaa, siyo miezi kama kopo linavyodai, maana aliyeandika kopo hakuwa akiishi kwenye latitudo ya nne kusini.

Na sasa nifike ninapotaka kufika. Hayo yote yanahusu vyuma vinavyofikiwa na mkono, na vyuma vinavyofikiwa na mkono ni nadra kuangusha mlingoti.

Nahodha wa jahazi ana bahati moja ambayo mwenye boti ya kisasa hana. Mlingoti wake hushikiliwa na kamba, na kamba huonya. Huchakaa nje, huota manyoya, hubadilika rangi, huanza kukatika uzi mmoja mmoja mchana kweupe. Waya wa stenlesi hauna adabu hiyo. Kwa kawaida ni nyuzi 19 nene zilizosokotwa pamoja, na kila ncha imeingizwa ndani ya bomba dogo la chuma na kubanwa kwa mashine hadi vikawa kitu kimoja. Bomba la chini hutazama juu. Maji ya chumvi huteremka na waya, yakaingia humo, yakakosa pa kutokea. Ndani hakuna hewa, na utando uliotajwa mwanzoni hauna chakula. Kwa nje bomba laweza kung'aa kama siku lilipofungwa.

Nilimtazama mzee mmoja akikagua mabomba hayo na kijana aliyekuwa akijifunza kwake. Kijana alikuwa amesugua bomba la waya hadi akajiona uso.

"Mzee, hili si limekwisha?"

"Limeng'aa, mwanangu. Sasa lete kioo."

Kioo chenyewe kilikuwa kile cha kukuzia, cha kusomea maandishi madogo. Mzee alipapasa kwa ukucha kuzunguka bomba, akasimama, akaweka kioo. Mstari mwembamba kuliko uzi wa buibui ulikuwa umeteremka kutoka mdomoni kuelekea chini. Kabla ya kusuguliwa usingeonekana, ukiwa chini ya kahawia na ukungu wa chumvi. Waya ule ulishushwa jioni hiyo hiyo.

Hiyo ndiyo kazi ya tambara. Unafuta ili uone. Anayefuta kila nguzo kila mwezi hujua mshono upi ulikuwa na doa mwezi uliopita na umerudi nalo, nati ipi imezunguka robo, pini ipi imepinda. Kwenye waya zenyewe funga karatasi laini ya chooni, uishike kwa ulegevu na kuipandisha polepole. Penye uzi uliokatika karatasi itanasa na kuacha kipande chake. Usitumie kiganja. Uzi uliokatika ni mkali kuliko sindano, na ukikatika mmoja, hesabu waya mzima umekwisha, kwa kuwa 18 zilizobaki zimeishi maisha yale yale.

Kwa sababu hiyo hiyo nina ugomvi na kila kitu kinachofungwa juu ya stenlesi ili "kuilinda". Utepe wa umeme uliozungushwa kwenye skrubu za kukazia waya hushikilia maji ya chumvi ndani na kuzuia hewa nje. Mipira ya plastiki vivyo hivyo. Zile kamba za ukingoni za waya uliovikwa plastiki nyeupe, laini mkononi na nzuri kwenye picha, huficha kutu hadi siku mtu anapoegemea. Kanuni za usalama za mashindano ya bahari kuu za World Sailing zinataka waya huo uwe mtupu, na sioni kwa nini msafiri wa kawaida aridhike na usalama mdogo kuliko wa mshindani.

Jambo baya kabisa la chuma kinachong'aa kuvunjika bila onyo halikutokea baharini. Lilitokea kwenye bwawa la kuogelea la ndani huko Uster, Uswisi, mwezi Mei 1985. Dari zito la zege lilikuwa limening'inizwa kwa vyuma vya stenlesi. Mvuke wa bwawa lenye klorini ulipanda miaka 13, ukaacha kloridi juu ya vyuma hivyo, mahali ambapo hakuna mvua wala mfagizi. Chuma kikiwa kimevutwa na uzito muda wote, na kloridi ikiwa juu yake, huweza kupasuka kwa nyufa nyembamba zinazopita ndani kwa ndani bila kukikondesha wala kukitia kutu nyingi ya kuonekana. Dari lilianguka watu wakiwa majini. Walikufa 12. Tangu wakati huo wahandisi wa Ulaya hawaruhusu stenlesi za kawaida kama hizo kubeba mizigo juu ya mabwawa mahali pasipooshwa.

Botini kuna vyuma vinavyofanana mno na vile vya Uster: mabamba yanayoshikilia waya za mlingoti kwenye mwili wa boti. Yamevutwa mchana na usiku, na katika boti nyingi hupenya sitaha, yakafungwa chini kwa bolti nyuma ya makabati. Pale yanapopenya huwekwa gundi ya kuzuia maji. Gundi hufa kwa jua baada ya miaka, maji huingia, ubao uliofichwa katikati ya faiba hulowa na kubaki umelowa. Sentimita tatu au nne za bamba, zile zilizozama ndani ya sitaha, huishi kwenye tope la chumvi lisilo na hewa. Juu linang'aa kwa kanauba. Ndani ya kabati, chini, bado lina rangi ya kiwanda. Katikati limeliwa. Mtu akiniambia boti yake ina miaka 20 na mabamba hayajawahi kutolewa, simuulizi habari za polishi.

Kuyatoa si kazi ya kutisha, ila ifanyike moja moja, mlingoti ukiwa umeshikiliwa na kamba nene mahali pa waya ulioondolewa. Bamba likitoka lisafishe kwa sitriki, likaushe, kisha lipake ile rangi nyekundu ya kupenyeza ambayo wakaguzi wa mishono huitumia. Ngoja dakika zilizoandikwa kwenye kopo, futa yote, pulizia unga mweupe. Penye ufa rangi itapanda juu ya unga na kuchora mstari mwekundu. Bamba lenye mstari halichomelewi wala halisuguliwi. Hutengenezwa jipya, la 316L, na likiwezekana nene kuliko la kwanza kwa milimita moja au mbili. Lisilo na mstari lakini lenye vishimo vyeusi nalo lisirudishwe, hata kama fundi atakuambia bado lina maisha.

Kabla ya kulifunga, chonga ubao ulioloana hadi ufikie ulio mkavu, ujaze tundu kwa resini, kisha utoboe upya katikati ya resini hiyo, ili maji yakipenya tena yasikute ubao. Bolti za zamani zitupwe zote, pamoja na zinazong'aa. Mpya zipakwe grisi ya kuzuia kukwama na zikazwe kwa mkono, kwa spana, polepole, kwa sababu stenlesi ikizungushwa kwa kasi dhidi ya stenlesi meno hushikana na nati haitatoka tena ila kwa msumeno.